Siku Tatu Bila Shughuli

Mama alikuwa anaweka chakula juu ya jiwe, anarudi nyuma hatua kama kumi, kisha anaita. Dada yangu anatoka kibandani, anachukua bakuli, anaingia nalo ndani. Ndivyo walivyokuwa wamezoea. Lakini Jumapili ile nilipofika nyumbani Gitting, bakuli la jana lilikuwa bado juu ya jiwe, kuku wamelidonoa, na Mama amesimama na bakuli la leo mkononi, hajui aliweke wapi.

"Siku ngapi?" nikamwuliza.

"Uji anaonja. Maji anakunywa."

"Mama, siku ngapi?"

"Hii ya nne."

Dada yangu alikuwa ameolewa Maretadu. Mwezi wa tano wa mwaka ule mimba yake iliharibika, ikiwa ya miezi saba. Kwa desturi ya wazee wetu, mwanamke aliyepatwa na jambo hilo hutengwa, na kutengwa huko tunakuita metimani. Hapeani mkono na mtu. Hali na mtu chombo kimoja. Hachoti maji kwenye chemchemi ya wote, hapiti njia ya ng'ombe wasije wakafa, na moto wake hauazimwi. Anayekula naye anaingia humo humo pamoja naye, mpaka mvua nyingine zinyeshe na wazee waje kuwatoa. Wakwe zake walimrudisha kwetu kwa njia za porini, na Mama akamjengea kibanda nyuma ya ua wa minyaa, mwisho wa shamba la mahindi.

Padri alishasema kanisani kwamba mambo hayo ni ya giza. Mama aliitikia amina pamoja na wenzake, akarudi nyumbani akaweka chakula juu ya jiwe. Nilipomkumbusha maneno ya padri alinijibu, "Padri hana ng'ombe wa kufa." Hakuwa na roho mbaya. Kila bakuli alilipangusa kwa khanga yake kabla ya kuliweka, na akishaliweka alibaki amesimama pale akiangalia mlango wa kibanda mpaka shingo inamuuma. Alikuwa anaogopa tu. Baba alikuwa amekufa, na ng'ombe wanne tu ndio tuliobaki nao.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na tangu niache shule darasa la tano sikuwa nimekaa mahali pamoja miezi mitatu mfululizo. Nilichoma mkaa Dongobesh, nikabeba mizigo ya wenye maduka Katesh, nikasukuma mkokoteni Singida. Watu waliniita mvivu, lakini kazi sikuzichoka. Nilikuwa nikiona barabara nataka kujua inaishia wapi. Mwaka ule nilikuwa shamba la ngano la serikali, kule tambarare upande wa Getanuwas, nashona midomo ya magunia ghalani. Jumapili nilipata lifti ya trela la trekta hadi njia panda, nikapanda mlima kwa miguu.

Nilikaa upande wangu wa ua.

"Dada, shikamoo."

Kisha, kutoka ndani, "Marahaba. Umefukuzwa kazi tena?"

"Leo Jumapili."

"Haya."

Akatoka akakaa mlangoni, na hapo nikamwona. Mkono wake ulikuwa umebaki kama mpini wa jembe. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenifundisha kusoma baada ya mimi kuacha shule, kwa kunichapa na mwiko. Nikaogopa sana, na nikiogopa mimi huongea. Nikaongea juu ya vumbi la ngano linavyowasha, juu ya mashine za kuvunia, juu ya madereva wanaokuja kubeba magunia, na mmoja wao ni mtu wa Dar es Salaam kabisa, mzaliwa.

Akaniuliza, "Wewe si ulifika Dar?"

"Nilifika."

Sikufika. Miaka miwili nyuma nilifika Chalinze. Nilikaa pale siku tisa naosha malori, naitazama barabara ya kwenda mjini, na kila aliyetoka huko alisema wanakamata vijana wasio na kazi na kuwarudisha vijijini. Nikageuza. Lakini nyumbani nilisema nimefika, na Mama aliwaambia wenzake kanisani, na jambo likawa limeshakuwa.

"Maji ya bahari ni ya chumvi kweli?"

"Chumvi kabisa."

"Watu hawayanywi."

"Hata mbuzi."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe hayagusi."

Akachora chini kwa kidole. "Basi mtu kama mimi akiingia humo hamharibii mtu yeyote."

Yeye tangu mwezi wa tano alikuwa anakinga maji ya mvua kwenye debe, na mvua zilipokwisha Mama alimletea mtungi na kuuacha mbali. Maji aliyoyachota tangu utoto sasa yalikuwa yanamwogopa.

"Ziwa Balangida nalo ni chumvi," nikasema. "Ni karibu, siku moja tu."

"Chumvi ya Balangida wanalambishwa ng'ombe. Na wewe umeila."

"Basi tutakwenda Dar. Muda wako ukiisha."

"Kufanya nini?"

"Kutembea."

Akatoa kicheko kidogo cha puani. Nikakumbuka kwamba hatukuwa tumewahi kumwona mtu wa kwetu akisafiri kwenda kutembea tu. Watu walisafiri kwenda hospitali, kwenda msibani, kwenda mnadani. Lakini aliinua kichwa, akasema polepole kama anayeagiza kitu dukani, "Siku tatu. Sitaki safari ya kukimbizana. Sitaki kupelekwa kwa ndugu wa mtu, wala kubebeshwa mzigo wa mtu. Nataka kuamka, niulize leo tunafanya nini, uniambie hakuna."

"Siku tatu bila shughuli."

"Tutalala wapi?"

Nilikuwa sijui. Nikasema, "Kula kwanza, ndiyo nikuambie."

Alilitazama bakuli la leo, ambalo Mama alikuwa ameshaliweka juu ya jiwe. Alikwenda akalichukua. Alikula matonge matano, nami niliyahesabu kama ninayehesabu magunia, halafu nikamdanganya kwamba tutalala gesti yenye dirisha la bluu.

Ndivyo ilivyoanza. Mama naye akaiga mbinu hiyo: katikati ya wiki, bakuli likibaki, alisema kwa sauti kutoka mbali, "Mdogo wako atakuja na habari Jumapili, akukute hai." Mwenyewe hakuielewa safari. Alinivuta pembeni akaniuliza, "Huko Dar nani amekufa?" Nikamwambia hakuna. "Sasa mnakwenda kwa nani?" Hatuendi kwa mtu, Mama. Alinitazama kama aliyezaa watoto wawili wagonjwa.

Shambani nilimganda yule dereva wa Dar. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya kushona kwa mkono, aliyelalamika baridi ya Hanang toka anashuka kwenye lori mpaka anapanda. Wakati magunia yanapakiwa mimi nilikaa karibu naye na sindano yangu ya kushonea, namwuliza.

"Wewe kijana unataka kununua mji?" aliniambia.

"Nataka kujua tu, bwana mkubwa. Mtu akishuka kwenye basi asubuhi, na hana shughuli, anakwenda wapi?"

"Asiye na shughuli anakamatwa."

"Tuseme hakamatwi."

Basi akanieleza. Kuna kanisa la zamani la Wajerumani lenye vigae vyekundu linaloitazama bandari, na mbele yake vivuli, mtu unaweza kukaa hapo hata saa tatu ukiangalia meli na usiulizwe. Kuna pantoni ya kuvuka kwenda Kigamboni, unavuka, unakula muhogo wa kuchoma, unarudi. Kuna jumba la makumbusho lenye vitu vya masultani na magavana. Mchana hakuna mwenye akili anayetembea, watu wanalala. Usiku hakuna blanketi.

"Hakuna blanketi?" dada yangu aliuliza Jumapili iliyofuata. "Wanajifunika nini?"

"Shuka. Na wakati mwingine wanalitupa."

"Unasema uongo." Lakini alikula tonge jingine ili nimweleze joto hilo linakuwaje.

Dereva aliniambia pia, "Mwambie dada yako sweta aiache huko huko. Na wasikudanganye kwamba mji mkuu unahamia Dodoma. Ofisi zitahama. Bahari itahamia wapi?" Nikapeleka na hiyo. Dada alicheka hadi akashika ubavu, na Mama, aliyekuwa anapalilia mbali, akasimama na jembe mkononi akasikiliza kicheko hicho. Kisha akainama tena, haraka, kama mtu aliyeona kitu kisicho chake.

Lakini mwili wa dada haukurudi. Kila Jumapili alikula nikiwepo, na kila Jumapili alikuwa mwembamba kuliko ile iliyopita. Siku sita alishindia uji na ahadi. Nilikwenda zahanati, mhudumu akasema mlete. Nikamwambia yuko metimani. Naye alikuwa mtu wa kwetu. Aliangalia pembeni, akapanga chupa zake upya, akasema basi mlete muda wake ukiisha. Nikatoka nje nikajua kwamba ukiisha muda hatakuwepo mtu wa kuletwa.

Hapo ndipo nilipopata wazo la kutosubiri muda uishe. Dereva alikubali kutubeba. Tungeshuka usiku wa manane, asubuhi tukawa nje ya Hanang, na huko nani angemjua? Lakini mjini bila barua ya kijiji tungekamatwa. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umerudi lini? Na unaondoka lini?" Watu wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka.

Nikaeleza. Barua ya watu wawili, siku tatu, Dar es Salaam.

"Sababu ya safari?"

"Kutembea."

"Kutembea," akarudia, akavua miwani. "Niandike hivyo, nigonge muhuri? Kijana, mjini wanawatafuta hao hao wa kutembea. Andikisha hospitali kama watu wengine."

"Basi andika hospitali, mzee."

"Hospitali lazima nimwone mgonjwa. Aje aweke sahihi yake hapa kwenye daftari." Alishajua ni nani ninayemsema. Akapunguza sauti. "Atapita njia ipi, mwanangu? Atashika kalamu hii hii? Kesho nimpe nani aishike?"

Mmoja wa wale wa kwenye benchi akasogea mbali nami, kidogo tu, kama anayenipisha nipite. Sikuwa nimegusa kitu. Nilikuwa nimetaja tu.

Sikumwambia dada kwamba barua imekataliwa. Nilimwambia barua inaandikwa. Kwa hiyo sasa nilikuwa na uongo mwingi wa kutunza, na ulioniangusha sikuutegemea kabisa.

Alipenda kuuliza habari ya maji kutoka na kurudi. Mara ya kwanza nilimwambia, kwa kubahatisha, kwamba asubuhi maji yanakuwepo na jioni yanaondoka, kama ng'ombe. Aliupanga mpango wake wote juu ya hilo. Siku ya tatu, asubuhi, angeingia majini. Alishajua atavaa nini, atavua wapi ndala, na mimi nitakaa wapi nikiwa nimegeuza mgongo. Sasa mwishoni mwa mwezi wa tisa dereva akaniambia lori linapakia mara ya mwisho, ngano imekwisha. Nilihangaika. Nilimwuliza kila kitu nilichoweza kukumbuka, kama mtu anayejaza madebe kabla bomba halijafungwa. Katika hayo nikauliza maji yanatoka saa ngapi.

"Inategemea siku. Leo saa nne, kesho karibu saa tano. Kila siku yanachelewa."

"Yanakwenda wapi?"

"Kwa mke mdogo," akasema, akapanda, akaondoka. Sikumwona tena.

Jumapili nilimpelekea dada yote, na kwa kuwa nilikuwa na haraka sikuchuja. Nilipofika kwenye saa za maji alininyamazisha kwa kiganja.

"Uliniambia asubuhi yapo, jioni hayapo."

"Ndiyo, lakini..."

"Ulikaa huko wiki mbili, ulisema. Wiki mbili ungeona yanavyobadilika. Wewe kila kitu unaangalia." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Hukufika."

Nikaangalia bakuli juu ya jiwe.

"Ulifika wapi?"

"Chalinze."

"Chalinze ni mbali na bahari?"

"Ni mbali."

Aliinuka akishika mlango. "Na barua?"

"Mwenyekiti amekataa."

Akaingia ndani. Bakuli lilibaki juu ya jiwe. Niliita mpaka sauti ikakauka. Niliahidi, nikatukana, nikaimba hata wimbo wa mwiko aliokuwa ananiimbia akinichapa. Mama alikuja, akaita yeye, akapiga magoti pale kwenye hatua ya kumi. Kutoka ndani dada alisema neno moja tu, kwa lugha yetu, neno tunalomwambia mtu anayetuondokea asubuhi na mzigo wake: nenda salama.

Sikurudi shambani. Jumatatu bakuli halikuguswa. Jumanne halikuguswa, na mtungi wa maji nao ulikuwa umejaa hadi mdomoni. Nilikuwa nimekaa chini ya ua, na miguu ilikuwa inanitaka niondoke. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kila nikifunga macho niliona barabara ya Babati, nyeupe, na mimi juu yake nikitembea kwa kasi, nikienda mahali ambapo habari hii itanifikia baada ya miezi, kwa mdomo wa mtu mwingine. Nilijua nikikaa dakika chache zaidi nitakwenda.

Nikanyanyuka. Nilichukua bakuli juu ya jiwe, nikaruka jiwe, nikaingia kibandani.

Alikuwa amelala juu ya ngozi, uso ukutani. Moto ulikuwa umebaki majivu yenye jicho moja jekundu. Nikaupuliza. Nikachukua kibuyu chake nikanywa maji yake. Nikamega ugali nikachovya kwenye maharage, nikala. Kwa njaa niliyokuwa nayo nilikula kwa sauti.

Aligeuka. Alinitazama muda mrefu kama aliyeona mnyama kaingia ndani.

"Unafanya nini?"

"Nakula."

"Tema."

Nikameza.

"Mjinga wewe! Tema! Unajua ni mpaka mvua? Wewe utakaa? Wewe hujawahi kukaa hata kwenye kiti!" Alijiinua kwa kiwiko, akatafuta kitu cha kunipiga, akapata ufagio akanipiga nao begani, bila nguvu yoyote. Nikamega tonge jingine, kubwa, nikachukua maharage mengi kama nilivyokuwa nikimfanyia tukiwa watoto.

Nje Mama alikuwa ameona bakuli halipo. "Uko wapi?" akaita, kisha akaelewa. Alilia kama anayeona nyumba inaungua. Halafu, "Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Umemeza?"

"Nimemeza."

Nilimsikia akikaa chini palepale kwenye mahindi. Nilifikiri anasali. Ilipita nusu saa, labda zaidi, ndipo akasema kwa sauti iliyochoka kabisa, "Na blanketi lako liko wapi?"

"Shambani."

"Nitatafuta."

Nilikuwa nafikia tonge la mwisho lenye mchuzi. Dada alinipiga kofi mkononi, lile lile la zamani, akalisukuma bakuli upande wake. Alikula lile tonge. Alikula na makombo yaliyoganda pembeni, akiwa amenikunjia uso, halafu akalamba vidole. Nikasogeza kibuyu karibu yake.

Baadaye, moto ukiwa umeshika, alisema bila kunitazama, "Siku ya pili tuliishia wapi?"

"Sijui zaidi. Dereva ameondoka, na mimi sijafika."

"Basi tunga. Si ndiyo kazi yako?"

Nikaanza na kanisa la vigae vyekundu na vivuli vya mbele yake. Akataka kujua tumekaa upande gani, nani kapita, nimemnunulia nini, na kwa nini namharakisha. Mvua zilichelewa mwaka ule. Wazee walipokuja kututoa, tulikuwa bado kwenye siku ya pili.